KUTU SIYO ADUI, UFA NDIYO ADUI

Somo juu ya vyombo vya mkono vya zamani vinavyouzwa sokoni



Ndani ya masoko yetu, kama vile soko la Kenya kule Lubumbashi, hapakosi pahali ambapo muuzaji ametandaza gunia chini na kupanga juu yake nyundo, bureni, tupa, misumeno, kle, pense na shoka, vyote vya zamani. Bei ni ndogo. Siku ya mshahara mtu anataka kutengeneza mlango, kupasua kuni ao kulima shamba lake, naye anapita hapo. Anachagua, anabishana bei, analipa, anarudi nyumbani na furaha.

Hakuna ubaya kununua chombo cha zamani. Mara nyingi chuma chake ni kizuri. Lakini ujue hivi: chombo hicho kimefanya kazi mikononi mwa watu ambao huwajui. Kimepigwa, kimeanguka, pengine kimechomwa motoni, kisha kimefika kwako kimya. Hakitasema kitu chenyewe. Ni wewe unayepashwa kukiuliza.

Mnunuzi ambaye hakufundishwa anakataa nyundo yenye kutu, anachukua ile inayongaa kwa rangi mpya. Somo letu la leo ni kinyume cha hayo. Kutu ya juu inaondoka kwa siki na brosi, lakini ufa hauondoki. Na rangi mpya ndiyo nguo ambayo ufa unafichwa ndani yake.

1. VYOMBO HIVI VINATOKA WAPI?

Wafaransa wanaita soko la vitu vya zamani marché aux puces, maana yake soko la viroboto, kwa sababu ya wadudu waliodhaniwa kukaa ndani ya nguo na viti vilivyouzwa humo. La Saint-Ouen, karibu na Paris, linahesabiwa tangu mwaka 1885. Kule Bruxelles, soko la zamani la Place du Jeu de Balle lilianza mwaka 1873, nalo linafunguliwa kila siku. Fundi akifariki ao ateliye ikifungwa, sanduku la vyombo linauzwa katika masoko ya namna hiyo. Vitu vingine vilivyotumiwa Ulaya vinapanda meli na kufika kwetu ndani ya makontena, pamoja na nguo na friji.

Vyombo vingine havikutoka mbali. Reli ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na shaba ya kwanza ikamiminwa mwaka 1911. Tangu wakati ule mafundi wa reli, wa migodi na wa seremala wametumia vyombo hapa hapa, wakaviachia watoto ao wakaviuza.

Ndiyo sababu sokoni unakuta alama zilizogongwa ndani ya chuma. Zisome. Facom ni nyumba ya Ufaransa iliyoanzishwa mwaka 1918. Peugeot ilitengeneza misumeno kabla ya kutengeneza magari; simba wake ni alama ya misumeno tangu miaka ya 1850. Bahco ni ya Uswidi, na fundi wake Johan Petter Johansson alipata hati ya kle yake yenye kufunguka na kufungika mwaka 1892. Sheffield ni mji wa Uingereza wenye sifa ya visu, tupa na bureni. Jina la namna hii laonyesha kwamba chombo kilitengenezwa vizuri. Halionyeshi namna kilivyotumiwa kisha. Nyundo yenye jina kubwa na yenye ufa ni chuma cha kutupa.

2. KWA NINI CHUMA KINAPASUKA?

Chombo cha kupiga ao cha kukata hakina ugumu mmoja pahali pote. Fundi aliyekitengeneza alitia ugumu pahali penye kufanya kazi: uso wa nyundo, ncha ya bureni, meno ya tupa, makali ya shoka. Aliacha sehemu nyingine laini kidogo kusudi ziweze kuvumilia mapigo.

Chuma kigumu sana kinakata vizuri lakini kinavunjika kama kigae. Chuma laini hakivunjiki upesi, bali kinapindika na kutawanyika. Hatari yote inatoka hapa. Ukipiga kigumu juu ya kigumu, kipande kidogo kinaruka kama risasi, nacho hakichagui. Pengine kinampiga mwenye nyundo. Pengine kinampiga mtoto aliyesimama pembeni kutazama kazi ya baba yake.

Basi, tuingie sokoni, tuangalie chombo kimoja kimoja.

3. NYUNDO

Chukua nyundo, uigeuze kwenye mwanga wa jua. Angalia uso wake. Je, pindo lake limemeguka? Kama kipande kimekwisha kuruka, kingine kitafwata. Usinunue. Angalia tena tundu la mpini kwa pande zote mbili. Ufa unapenda kuanzia kwenye kona za tundu hilo, kwa maana hapo chuma ni chembamba.

Kisha angalia mpini. Nyuzi za mti zifwate urefu wa mpini toka mwanzo hadi mwisho. Zikiukata kwa upande, mpini utavunjika siku moja na kichwa kitaruka. Mpini uliofungwa waya ao kitambaa unaficha kitu. Mwombe muuzaji afungue: “Papa, tuondoe huu waya, tuone mti wake.” Akikataa, umekwisha kupata jibu.

Mpini mbaya si sababu ya kukataa kichwa kizuri. Mpini unabadilishwa. Lakini uhesabu bei ya mpini mpya kabla ya kulipa, na usitumie nyundo hata mara moja kabla ya kuubadilisha.

Watu wengi wanatia nyundo yenye kulegea ndani ya maji usiku mmoja. Asubuhi inashika. Inashika kwa sababu mti umevimba. Lakini mti uliobanwa ndani ya chuma unapovimba, nyuzi zake zinapondeka. Ukikauka unakuwa mdogo kuliko mbele. Kisha siku chache nyundo inalegea zaidi, na wewe unaiamini. Dawa ya kweli ni kabari: ya mti kwanza, ikiingia kwa urefu wa tundu, kisha ya chuma ikiikata.

Nyundo ambayo mpini wake ni bomba la chuma lililosudwa kwenye kichwa, uiache. Moto wa kusudi unaharibu ugumu wa chuma karibu nao, na ufa unaweza kuanzia hapo bila kuonekana.

4. BURENI

Bureni ya zamani inajulikana kwa kichwa chake. Kwa kupigwa miaka mingi, kichwa kinatawanyika na kufanya kofia kama uyoga. Wengine wanaona kofia hiyo kuwa alama ya bureni iliyozoea kazi. Wanakosea. Kila pindo la kofia ni kipande kinachongoja kuruka.

Je, unaweza kununua bureni ya namna hii? Ndiyo, kama mwili wake ni mzima na urefu unatosha. Lakini kazi ya kwanza ni kuondoa kofia yote kwa jiwe la kunolea, mpaka kichwa kiwe sawa na mwili, kisha kupunguza pindo lake kwa mwinamo mdogo. Vaa lunete za usalama. Nolea polepole, ukitia chuma ndani ya maji mara kwa mara. Na kazi hiyo haifanyiki mara moja kwa siku zote: kofia ikianza kurudi, uiondoe tena.

5. TUPA

Hapa tusikilizane vizuri, kwa maana ajali nyingine zinatoka kwa werevu wa watu.

Tupa imetengenezwa kwa chuma chenye kaboni nyingi, zaidi ya 1 kwa mia, nayo imetiwa ugumu karibu pote. Ndiyo sababu inakula chuma kingine. Ndiyo sababu vilevile inavunjika ikianguka juu ya simenti. Tupa ya zamani isiyokata tena inauzwa bei ndogo sana, na watu wanaigeuza kuwa bureni, ao wanaitumia kunyanyulia vitu vizito. Usifanye hivyo hata kidogo. Tupa ikipigwa nyundo, inapasuka vipande vipande.

Usitumie tupa isiyo na mpini. Ncha yake ya nyuma ikisukumwa inaingia ndani ya kiganja kama msumari. Mpini wa mti ni bei ya chini kuliko mkono.

6. SHOKA NA JEMBE

Mama, sehemu hii ni yako vilevile. Kabla ya mvua, watu wengi wanatafuta vyombo vya shamba. Kwa shoka, angalia tundu la mpini na mashavu yake kama ulivyoangalia nyundo. Tena angalia upande wake wa nyuma. Kama umebondeka, shoka hiyo ilitumiwa kama nyundo kwa kupasulia kuni juu ya kabari za chuma. Mashavu yake pengine yamefunguka. Ipime kwa kuingiza mpini: kama unacheza kwa upande mmoja tu, tundu limepanuka.

Angalia rangi ya chuma karibu na makali. Kama unaona rangi ya bluu, chuma hiki kilipata moto. Rangi ya manjano kama majani makavu inaonekana karibu na digri 220 ao 230. Bluu inaonekana karibu na digri 300. Kufika hapo makali yamepoteza sehemu ya ugumu wake. Yatapindika upesi, na utachoka kunoa bure.

Mara nyingi chanzo ni hiki: mpini wa zamani ulivunjika ndani ya tundu, na mtu akatia kichwa chote ndani ya mbabula kusudi mti uungue. Mti uliungua kweli, na ugumu wa shoka ukaenda pamoja nao. Usifanye vile nyumbani. Toboa mti kwa vrile ao ukate kwa patasi ndogo, kisha uutoe kwa kuugonga.

7. KLE NA PENSE

Kle yenye mdomo wa kufungua: weka mdomo kwenye mwanga. Midomo miwili inapashwa kwenda sambamba. Kama inafunguka kuelekea nje, kle hiyo ilivutwa na bomba refu kuliko nguvu yake, nayo itateleza juu ya buloni. Kle ikiteleza, ngumi yako ndiyo inayopiga chuma. Kwa kle yenye skrubu ya kurekebisha, funga midomo juu ya kipande cha feza cha chuma, kisha uichezeshe. Ikicheza sana, uiache.

Angalia vilevile vipimo. Vyombo vya Uingereza na vya Marekani vya zamani vinahesabiwa kwa inchi, na inchi 1 ni milimita 25,4. Kle ya inchi 3/4 ni milimita 19,05, nayo inafaa buloni ya 19. Lakini kle ya inchi 9/16 ni karibu milimita 14,3: inaingia kwenye buloni ya 14, inacheza, inakula kona zake. Na ukiona herufi W kwa upande wa namba, hiyo ni Whitworth ya Kiingereza. Hapo namba inasema unene wa buloni, siyo mdomo wa kle. Ile iliyoandikwa 1/2 W ina mdomo wa milimita 23 na zaidi kidogo. Basi, beba mkononi buloni moja ya kazi yako ukienda sokoni. Buloni haidanganyi.

Juu ya pense, neno moja kubwa: mpira ulio kwenye mikono ya pense si kinga ya umeme kila mara. Mara nyingi umewekwa kusudi mkono ushike vizuri tu. Pense ya umeme ya kweli ina alama ya pembetatu mbili pamoja na maandiko 1000 V. Hata hiyo, kama mpira wake umepasuka, umekatika ao umefungwa upya kwa skochi, si kinga tena. Umeme wa nyumba, volti 220, unatosha kuua mtu. Kata umeme kwanza, kisha ndiyo ushike pense.

8. JARIBIO LA MAFUTA YA TAA NA CHAKI

Macho yanaona ufa mkubwa. Ufa mdogo kama unywele hayauoni. Lakini unaweza kuulazimisha ujionyeshe. Mafundi wa reli wa zamani walipima ekseli kwa njia hii, na nyumbani inawezekana kwa feza kidogo.

Kwanza, safisha chuma mpaka rangi yote na mafuta yote yaondoke.

Pili, kitie ndani ya mafuta ya taa, yale tunayoita petrole. Usitumie esanse. Kiache saa kadhaa, ao usiku mzima, mbali na moto, mbali na mbabula, mbali na watoto. Mafuta yataingia ndani ya kila ufa.

Tatu, kitoe, ukipanguse vizuri kwa kitambaa kikavu.

Nne, kipake unga wa chaki nyeupe pahali pote, uwe mwembamba. Kingoje nusu saa.

Kama kuna ufa, mafuta yatarudi nje polepole na kuandika mstari mweusi juu ya chaki. Mstari mmoja mwembamba kwenye kona ya tundu la nyundo unatosha. Hukumu imekwisha.

Kuna jaribio jingine fupi la kufanya sokoni. Kama kichwa cha nyundo ao cha shoka hakina mpini, kitungike kwa kamba na ukigonge polepole kwa kipande cha mti. Kizima kinalia kama kengele ndogo. Chenye ufa mkubwa kinatoa sauti iliyokufa. Lakini sauti nzuri peke yake haitoshi. Ufa mdogo pengine hausikiki. Ukifika nyumbani, fanya jaribio la chaki.

9. NAMNA YA KUSAFISHA

Sasa umechagua vizuri, na chombo chako kina kutu tu. Fanya hivi.

Kisugue kwa brosi ya waya. Kama kutu inabaki, kitie ndani ya siki usiku mmoja. Asubuhi kisugue tena, kioshe kwa maji yenye sabuni, kikaushe mara moja na kukipaka mafuta membamba ya mashine. Usikisahau ndani ya siki siku nyingi, kwa maana siki ikimaliza kutu inaanza kula chuma.

Usitumie asidi ya batri. Inachoma ngozi na macho, na inaharibu chuma. Usichanganye siki na javel. Hewa inayotoka ni sumu kwa mapafu. Usipake mafuta machafu yaliyotoka ndani ya motere. Yakigusa ngozi kila siku yanaweza kuleta ugonjwa wa kansa.

Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi ndani yake, ule madini mzito unaotumiwa ndani ya batri. Usiichome, na usiisugue ikiwa kavu. Ilowanishe kwa maji, uikwangue, ukusanye vipande ndani ya karatasi na kuvitupa mbali. Kazi hiyo ifanyike inje, watoto wakiwa mbali, na mikono ioshwe kabla ya kula. Risasi inaingia kwa kinywa na kwa pumzi, nayo inadhuru akili ya mtoto kuliko ya mtu mzima.

10. AJALI IKITOKEA

Kipande cha chuma kikiingia ndani ya jicho, usisugue. Usikichomoe, hata ukikiona. Funika jicho kwa kikombe safi kisichogusa jicho lenyewe, na mtu apelekwe hospitali siku ile ile. Mwambie mganga neno hili: “Nilikuwa ninapiga chuma juu ya chuma.” Neno hilo litamfanya atafute kipande kwa radiografi.

Kwa nini tunasema siku ile ile? Kwa sababu kipande kidogo chenye mwendo wa mbio kinaweza kupenya bila maumivu makubwa. Mtu anaona bado, anasema kesho. Lakini chuma kilichobaki ndani ya jicho kinatoa kutu yake humo, kisha wiki ao miezi jicho linapofuka. Kutu tuliyosema si adui juu ya nyundo, ndani ya jicho ni adui kamili.

Kwa jeraha la mkono, oshe kwa maji mengi na sabuni, ufunge kwa kitambaa safi, uende dispansere. Watu wanasema kwamba kutu inaleta tetanosi. Si kutu yenyewe. Ni mdudu asiyeonekana kwa macho, anayekaa ndani ya udongo, mavumbi na mavi ya nyama, naye anapenda jeraha lenye kina, pahali ambapo hewa haifiki. Msumari safi uliolala udongoni unaweza kumbeba sawasawa na msumari wenye kutu. Chanjo inamzuia, lakini nguvu yake inapungua kwa miaka. Beba karata yako ya chanjo. Kama jeraha ni chafu na chanjo yako ya mwisho imepita miaka 5, mganga ataamua kama inafaa kuongeza. Mama mwenye mimba asikose chanjo yake. Inamlinda yeye na mtoto atakayezaliwa.

11. ALAMA YA KAMPANI

Chombo chenye herufi za kampani ao namba ya ateliye, usikinunue bila kuonyeshwa karatasi ya kuuzwa kwake. Pengine kiliuzwa kwa njia ya haki kama kitu kilichochakaa. Pengine kiliibwa. Sheria ya inchi yetu inamwadhibu mwizi, nayo inamwadhibu vilevile mwenye kupokea mali ya wizi akijua.

Tena kuna jambo jingine. Chombo cha kampani kilichochakaa kimekwisha kukataliwa na mtu mwenye kujua kazi. Kwa nini kilitupwa? Pengine kwa sababu ya ufa ule ule tunaoutafuta leo. Alama ya kufutwa kwa jiwe la kunolea ni dalili mbaya mara mbili.

Na chombo ulichonunua sokoni kibaki nyumbani. Usikipeleke kazini bila ruhusa ya kapita ao ya mkaguzi wa usalama. Mwenzako atakiazima, naye hajui maisha yake ya zamani.

12. CHOMBO KILICHOKUFA

Ukigundua ufa, ufanyeje? Wengi wanarudi sokoni na kumuuzia mwingine. Fikiri kidogo. Yule atakayekinunua ni jirani yako, ao mtoto wa ndugu yako. Wengine wanakitupa kwenye takataka. Jioni mtoto anakiokota.

Kate kichwa chake katikati kwa msumeno wa chuma, ao upeleke kwa mfua vyuma akiyeyushe. Vaa lunete. Usikivunje kwa nyundo nyingine: nyundo mbili hazipigani hata siku moja. Umepoteza feza kidogo, lakini hakuna mtu atakayepoteza jicho.

MAULIZO YA KUJIPIMA

Soma na familia, kila mmoja ajibu bila kutazama juu.

1. Kati ya nyundo yenye kutu na nyundo yenye rangi mpya, ipi inafaa kuchunguzwa zaidi? Jibu: ile yenye rangi mpya, kwa maana rangi inaficha ufa.

2. Kwa nini maji hayatengenezi nyundo yenye kulegea? Jibu: mti unavimba, unapondeka, kisha unakauka na kuwa mdogo zaidi.

3. Tupa iliyokwisha kukata inaweza kuwa bureni? Jibu: hapana. Inavunjika kama kigae.

4. Bureni yenye kofia ya uyoga inafanyiwa nini? Jibu: kofia yote inaondolewa kwa jiwe la kunolea kabla ya kazi.

5. Mpira wa pense unakinga na umeme? Jibu: la, isipokuwa una pembetatu mbili na 1000 V, na haukupasuka. Hata hivyo umeme ukatwe kwanza.

6. Baba anapiga chuma, mtoto anasimama wapi? Jibu: mbali, wala si mbele wala si pembeni. Na baba avae lunete.

Mwenye kujibu yote sita, siku ya mshahara aende sokoni na buloni yake mfukoni. Achukue wakati wake, ageuze chombo juani pande zote, na asione haya kukirudisha juu ya gunia.